Nyimbo za Aikande Nilizozipima Mezani

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka bado najionea haya. Nilikuwa mhadhiri mpya wa muziki, na mkuu wa idara akanikabidhi jalada la mwenzangu Aikande, aliyeomba kupandishwa cheo awe mhadhiri mwandamizi. Wengine walileta makala. Yeye alileta nyimbo kumi na mbili alizoitungia kwaya ya Kirua Vunjo, na barua fupi: njooni Jumapili mzisikie.

Sikwenda. Si mbali na Moshi mjini tulikofundisha, lakini nilijiona msomi, na msomi husoma. Nikakaa na noti zake mezani, nikaona mistari inayojirudiarudia, nikaandika kwamba kazi ni ya kawaida. Kamati ya kupandisha vyeo ikaniamini. Aikande akanyimwa cheo, na muhula ulipoisha akaacha kazi.

Krismasi nikapanda nyumbani, nikamsimulia baba, tena kwa majivuno. Alikuwa ameshika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ameionja kwanza ndipo ampe jirani, kama ada yetu ilivyo.

"Hizo nyimbo ulizisikia zikiimbwa?" akauliza.

"Hapana, baba. Nilisoma noti."

"Basi umeisema mbege kwa kutazama ndizi."

Jirani akacheka. Mimi nikakasirika, maana ujana una masikio mazito.

Miaka mingi baadaye tulimzika baba, na kwaya ikaimba wimbo mmoja wa Aikande. Ile mistari inayojirudia ndiyo iliyotupa wafiwa nafasi ya kuitikia. Hata shangazi yangu asiyejua kusoma aliimba. Nililia, na si kwa ajili ya baba peke yake.

Nikamtafuta Aikande, nikamkuta kwenye soko la Kwa Sadala akiuza vitenge. Alinipa kiti, akanisamehe bila maneno mengi. Nikamwuliza kama bado anatunga.

"Niliacha, mwalimu," akasema, akaendelea kukunja vitenge vyake.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimezeeka naye. Mpaka leo nazitamani nyimbo ambazo angezitunga.

Sasa nasikia nawe umeitwa kwenye kamati. Ukipewa makala, soma. Ukipewa wimbo, nenda ukausikie kwa wanaouimba; ukipewa kinyago, kizunguke. Ukishindwa kwenda, sema, apewe mwingine. Usimpime mtu kwa kazi ambayo hukuionja.

Mungu akujalie subira ya kusikiliza, mwanangu, na kalamu yako isimnyamazishe mtu.