Aliyeuliza Kama Jua Limetua

Kabla hujaniambia kwamba njaa ilinipanda kichwani, nikujibu kabisa: jioni ile nilikuwa nimeshafuturu. Nilikula tende na kunywa maji ndani ya gari, na akili zangu ninazo mpaka leo. Kaka yangu haniamini. Wewe ukitaka niamini, usipotaka basi, lakini nisikilize mpaka mwisho, maana lililompata wifi yangu linaweza kukupata umeketi kwako.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, Guangzhou. Mimi na Zuhura, mke wa kaka yangu, tulikwenda kununua mali ya duka letu la Kariakoo. Kaka alitusindikiza uwanja wa ndege, akanivuta pembeni akaniambia, "Umeondoka naye, urudi naye." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nyumbani walibaki watoto wawili, na yule mdogo, Mwanaidi, hata shule alikuwa hajaanza.

Ramadhani ikatukuta huko huko. Ulishawahi kufunga mahali ambapo hakuna anayejua kuwa umefunga? Mchana kutwa tunazunguka maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, huku wabebaji wanatupiga vikumbo na marobota yao. Mwenye duka anakusukumia kikombe cha chai, unatikisa kichwa, yeye anadhani umekataa bei, anapunguza. Zuhura alilipenda sana hilo. "Wifi, saumu ina thawabu mpaka ya biashara," alikuwa akisema. Mzanzibari yule, mdomo wake haukuwa na pazia.

Tulikaa katika kihoteli cha uchochoroni, chumba kisicho na dirisha hata moja. Taa ikizimwa, mchana na usiku ni mamoja. Adhana hatukuisikia. Tulifuata saa yangu ya mkononi, nami nilikuwa nikienda mpaka mwisho wa ujia, kwenye kidirisha kimoja kilichokuwepo, kuangalia mbingu. Uji tulipikia jiko la wali la umeme, tukalificha chini ya kitanda kwa sababu mwenye hoteli alikataza kupika.

Basi jioni moja nakoroga uji, nikasikia sauti ya mwanamume mtu mzima kutoka chumba cha mbele yetu, mlango umefungwa.

"Jamani, jua limeshatua?"

Kiswahili! Cha pwani, kimenyooka! Tulifurahi kama tuliokutana na ndugu.

"Limetua, babu. Futuru," nikajibu.

"Alhamdulillahi," akasema.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila magharibi anauliza, namjibu. Tukibisha hodi hafungui. Zuhura alikuwa akimwekea bakuli la uji mlangoni, asubuhi tunalikuta vile vile, uji umeganda. Tukasema labda mgonjwa, labda ana haya. Niliogopa? Hata kidogo. Si tunaambiwa mwezi huu mashetani hufungwa minyororo? Mimi nilijiona nimo ndani ya ngome.

Siku ile nilikwenda Shiling, mji wa mikoba, na gari la kukodi. Zuhura alibaki, kichwa kilikuwa kikimgonga. Nikamwambia alale. Kurudi, foleni ikatukamata na giza likaingia tukiwa njiani. Nilipofika hotelini, isha imeshaingia.

Nilimkuta ameketi sakafuni, ameuelekea mlango, bakuli la uji mapajani. Uji wa baridi, haujaguswa.

"Wifi, hujafuturu?"

"Jua limeshatua?" akaniuliza.

"Zamani! Una nini wewe?"

Akainamisha kichwa pembeni, kama anayemsikiliza mtu aliyeketi naye. Kisha akasema taratibu, "Babu anasema bado."

Nikamshika mabega, nikamtaka anieleze. Akanieleza vizuri tu, bila kubabaika. Alilala, akazindushwa na sauti ya babu inauliza. Akatazama saa yake. Na saa ile, masikini, aliiacha na majira ya nyumbani ili ajue wakati wa kuwapigia wanawe simu. Ilisema saa saba mchana. Katika usingizi ule na chumba kile, angejuaje? Akajibu, "Bado, babu. Mchana huu."

Na babu akamwambia, "Basi tungoje pamoja, mwanangu."

Nilitoka nikaupiga mlango ule kwa ngumi. "Babu, limetua! Futuru! Mwachie mtoto wa watu!" Akaja mama wa usafi na funguo zake, akafungua. Ndani mlikuwa na ndoo, mafagio na magodoro mabovu. Nilimwonyesha bakuli la Zuhura. Uso ulimbadilika. Akanionyesha kwa mikono: mtu mweusi, mwenye ndevu, ameketi sakafuni kwenye pembe, bakuli mbele yake. "Bu chi," akasema, maneno ambayo kila mfanyabiashara anayajua. Hakula. Kisha akalaza shavu kwenye kiganja na kufumba macho. Alikufa hapo, peke yake, anangoja mtu amwambie.

Nilirudi na Zuhura nyumbani, ndiyo. Ahadi niliitimiza kwa jina tu. Misikiti ya Kariakoo inaadhini kila upande, yeye ananiuliza kama jua limetua, namwambia limetua, anasikiliza pembeni, "Babu anasema bado." Hospitali walimtundikia maji. Chakula hakikupita kooni. Tulimzika Mfungo Mosi, watu hata nguo za sikukuu hawajazifua. Kaka nilimweleza yote, akasema ni njaa iliyonipanda kichwani.

Sasa kila magharibi, katika nyumba yetu, nasikia sauti ya Zuhura uani. "Wifi, jua limeshatua?" Namjibu, anatulia mpaka kesho. Mwaka jana nilikuwa sebuleni, Mwanaidi jikoni akikoroga uji wa futari. Sauti ikaja. Mtoto wa watu hakuyashika maneno, akadhani ni jirani anauliza kama uji umeiva, akafungua kinywa, "Ba..." Nilimrukia nikamziba mdomo, uji ukatuunguza wote wawili. Alilia, akanitazama kama mwendawazimu. Heri anione hivyo.

Lakini mimi nimezeeka, na sijui nikiondoka nani atamjibu. Kwa hiyo nakuusia wewe. Ukisikia usiyemwona anakuuliza, usiseme bado. Hata jua likiwa utosini, mwambie limetua, futuru. Dhambi ya uongo huo nitaibeba mimi.