Mama Aliyejifunza Kuogelea

Wiki iliyopita nilipanga foleni katika ofisi ya chifu, nyuma ya mama mmoja aliyekuja kuomba ruhusa ya kuwafundisha watoto kuogelea baharini, huku kwetu Dabaso.

Karani akamtazama juu hadi chini. "Shikamoo, mama. Wewe ni mwalimu wa michezo?"

"Marahaba. La, mimi nauza maandazi. Binti yangu alizama baharini, nami nimesimama ukingoni napiga mayowe. Sikujua kuogelea."

"Na sasa wajua?"

"Nilijifunza baada ya kumzika. Mwanzo nilikuwa naingia majini huku nalia. Sasa kina mama wenzangu wananiletea watoto wao."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, akirekebisha mtandio wake. Karani akaweka kalamu chini.

"Wangu ana miaka saba. Nimlete lini?"

"Jumamosi asubuhi. Na wewe uje na nguo za kuogelea."

Foleni nzima ikacheka. Mimi nimezaliwa pwani, lakini maji yakinifika magotini hurudi nchi kavu.

Jumamosi nilikwenda. Mama yule akanishika mkono mbele ya watoto wote, akaniambia, "Usiogope, mwanangu. Nimekushika."