Akala za Kupandia Kilima

Juzi nilitoka duka moja la viatu kule Diani moyo ukinichemka. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja alitaka viatu vya kuendeshea baisikeli kwenye njia za mawe. Muuzaji, mwanamume mzima na ndevu zake, akanitolea ndara za maua. "Mama, hivyo vingine ni vya wanaume. Msichana atavipandia mlima gani?" Niliyomjibu siwezi kuyaandika hapa. Halafu nikakaa kwenye tuk-tuk, hasira ikaanza kupoa, nikajikuta nacheka peke yangu. Mimi kilima nilikipandia akala za tairi, rafiki yangu.

Nilikua Kwale, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na njia ya mkato, udongo mwekundu na mawe matupu, inapanda hadi barabara kubwa. Asubuhi nilisomba maji, nikafagia uwanja, nikakuna nazi huku harufu ya mahamri ikinitesa. Kazi zikiisha, nilichukua baisikeli ya mjomba. Ilikuwa nzito kama ng'ombe, na pedeli zake zililika mpira wote zikabaki chuma.

Mwaka mmoja mjomba alipata kazi ya hoteli Diani, akataka kuiuza baisikeli. Nililia siku mbili. Mwisho akasema, "Nakupa mara tatu. Ukikipanda kilima chote bila kukanyaga chini, ni yako. Ukishindwa zote tatu, naiuza."

Bibi akamaka. "Mtoto wa kike na pedeli! Wamfundisha nini mwanangu?"

"Namfundisha kuacha kulia."

Mara ya kwanza nilivaa sapatu. Nusu ya kilima sapatu moja ikabaki nyuma, chuma kikanichuna muundi mpaka damu. Mara ya pili nilivaa viatu vyangu vya Idi, vya ngozi nyeusi, vikavu kama ubao. Kwetu kitu kikikauka dawa yake ni mafuta ya nazi, iwe nywele, miguu au bawaba ya mlango. Basi nikavipaka, juu na chini, vilainike. Wallahi vililainika! Mguu uliteleza kwenye pedeli, mimi na baisikeli tukaishia kwenye mihogo ya jirani.

Jirani huyo alikuwa mtu wa bara, Mkristo, fundi wa akala. Mihogo yake hata hakuitaja. Aliokota kiatu, akakinusa. "Hiki umekikaanga?" Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Nilimwambia imebaki mara moja tu. Fundi huyo hakunipima mguu ardhini. Alinipandisha kwenye baisikeli, bibi akashika usukani, nikapimwa mguu ukiwa juu ya pedeli. "Kiatu ya kutembea inakunjika," akasema. "Ya baisikeli isikunjike, ama nguvu yako itaishia kwa soli." Alikata tairi nene, mifereji yake akailaza kwa kukingama ili iumane na chuma. Nyuma ya kisigino akatia ukanda, mbele ngozi ya kukinga vidole. Akala hizo zilikuwa mbaya, sitakudanganya. Wasichana wenzangu waliniona wakaangua kicheko: "Morani, ng'ombe umewaacha wapi?"

Mara ya tatu mjomba alikuwa ameshafunga begi lake. Alitembea kando yangu na begi begani, macho kwenye miguu yangu, mkali kuliko refa. Mapaja yaliwaka moto, mate yakakauka. Penye mawe makubwa gurudumu liliruka, usukani ukanigeukia, nikajua basi, yamekwisha. Lakini mguu ulibaki palepale, umeng'ata chuma. Nikasukuma. Nikasukuma tena. Nilipofika juu mjomba alilitua begi. Akalifungua, akatoa pampu aliyokuwa ameshaipakia, akanikabidhi.

Siku hizi njia ile imezibwa na kuta za nyumba za watu. Fundi alirudi kwao bara, akala zenyewe zilinibana kabla ya miaka miwili kuisha, na baisikeli ililiwa na kutu. Bibi naye ametangulia, Mungu amrehemu. Ninachokikosa zaidi ni uzito wake kwenye keria, nyuma yangu, siku za Ijumaa, buibui amelikusanya mapajani lisinaswe na gurudumu, mkono mmoja umeshika kiuno changu, akiwasalimia watu njia nzima kama bibi arusi.