Ninyi ya Mtu Mmoja

Jumanne asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye robot ya Overport nikingoja taa ya kijani, simu ikaita. Alikuwa yule mama wa Kirundi anayeuza mboga Warwick Junction, ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka kwa tamthilia moja tuliyoigiza hapa Durban. "Mzee ametutoka," akasema. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, nami sikuondoka. Kwa miaka mitatu nilikuwa naahirisha kumwomba mzee yule msamaha, na sasa nafasi ilikuwa imekwisha.

Alikuwa Mrundi, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Mobeni. Ujanani alisomea ufundi Ujerumani Mashariki, na huko ndiko alikoambukizwa mapenzi ya tamthilia na mashairi ya kale ya Waingereza, yote kwa Kijerumani. Kiingereza chake kilitosha kununulia mkate. Mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa hapa, alianza kutafsiri tamthilia moja kutoka Kijerumani hicho kwenda Kiswahili, saa ya chakula cha mchana, kwenye madaftari yenye madoa ya grisi. Nilimcheka. Nilimwambia anakula chakula kilichokwisha kutafunwa na Mjerumani. Hakukasirika. "Wewe," aliniambia, maana kwake nilikuwa wewe tangu siku ya kwanza, "Wajerumani walikaa na hizi maneno miaka mingi. Iko vitu waliona, wenyewe wamesahau." Kisha akanipa madaftari nisahihishe Kiswahili.

Hapo ndipo nilipoharibu. Katika tamthilia hiyo, mke wa bwana mkubwa anamwombea kaka yake asinyongwe, na mwenye kutoa hukumu ni mumewe. Kwenye daftari mke alisema, "Munisikilize, bwana wangu. Ninyi ndiyo kimbilio yangu." Mimi, Mtanzania niliyelelewa kuamini kwamba Kiswahili kinalala kwetu, nikaona kosa la sarufi: mume ni mmoja, ninyi ya nini? Nikapita na kalamu nyekundu, kila ninyi ikawa wewe, nikawagawia waigizaji nakala bila kumwuliza mzee. Tena nilijiona nimemsaidia.

Aligundua siku ya onyesho, watu wameshaanza kuingia katika ukumbi wa kanisa. Alikuja nyuma ya jukwaa na karatasi mkononi.

"Nani alibadilisha?"

"Mimi, Mzee. Mtu mmoja haitwi ninyi."

"Kwetu anaitwa! Mke anaheshimu bwana yake mpaka pale anakataa kuachilia kaka. Hapo ndiyo anaacha ninyi, anamuita wewe. Ni hiyo neno moja inavunja ndoa. Mwingereza wa zamani aliiandika, Mjerumani aliilinda, wewe umeifuta!"

Nikabisha. Nikasema Kiingereza kina neno moja tu kwa wote, mkubwa na mdogo. Sikujua kwamba Kiingereza cha kale kilikuwa nayo mawili, la heshima na la mtu wa karibu. Sauti zetu zilikuwa zimefika ukumbini, na yule mama wa mboga, aliyeigiza mke, akatukata kauli. "Eish, munyamaze. Mimi najua kuongea na bwana."

Nilikaa mbele. Mama alikuwa amekariri maneno yangu, lakini sasa aliyapindua moja moja, akirudisha ninyi mahali pake, nami kila sentensi nilingoja ateleze. Hakuteleza. Mume alipokataa kwa mara ya mwisho, mke alimsogelea, akasema, "Wewe." Nyuma yangu mwanamke akanong'ona, "Yesu wangu." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini nilipiga makofi kama wengine, nikaenda zangu.

Tangu siku hiyo, kila tulipokutana, mzee alinisalimu vizuri sana. "Muko aje, ndugu? Watoto wenu wanaendelea?" Nilifurahi, nikadhani amesahau, tena ananiheshimu kuliko zamani. Ilinichukua karibu miaka miwili kusikia. Siku moja pale Warwick alitaniana na muuza ndizi kwa wewe, akageuka kwangu na ninyi yake. Alikuwa amenitoa nyumbani mwake kwa neno moja, kwa adabu kamili. Hata baada ya kuelewa, sikusema kitu. Kiburi tu.

Sisi wageni wa mji huu tunakaguliwa karatasi kila siku, kisha tukikutana wenyewe kwa wenyewe tunakaguana maneno. Tunamsahihisha Mrundi, tunamcheka Mkongo, na hatuulizi neno lake linafanya kazi gani kabla ya kulikata. Nimejifunza kuuliza, lakini nimejifunza kwa kuchelewa.

Pale kwenye robot nilimwuliza mama kama mzee aliacha neno.

"Aliwaulizia ninyi siku ya Jumapili. Alisema, 'Muambie yule: wewe, mbona haukuji kuniona?'"

"Alisema wewe, au ninyi?"

"Wewe. Nilipiga jana niwaambie, hamukushika."

Ni kweli. Jumatatu niliiona simu yake ikiita, nikaiacha. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, nasahihisha Kiswahili cha mtu.