Mikono ya Nelima

Kwa miaka mitano, kila Jumapili, Nelima alisimama mbele ya kanisa la Marafiki, wale Waquaker, pale Kitale, kando ya mimbari, akigeuza mahubiri kuwa lugha ya ishara kwa ajili ya benchi lisilo na mtu. Usicheke kwanza. Waliocheka walikuwa wengi, na alishawazoea.

Benchi lenyewe lilikuwa la Chepkosgei, muuza maziwa kutoka miteremko ya Mlima Elgon, kiziwi tangu utotoni. Mama huyo alikaa mwaka mzima katikati ya nyimbo na ngoma akitazama midomo ya watu, na hakuna aliyejisumbua kumwuliza anaelewa nini. Nelima ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja, lakini alifunga kibanda Jumamosi zote za miezi mitano akateremka hadi Kanduyi, kwa mwalimu mstaafu wa viziwi, akajifunza ishara kuanzia herufi. Siku aliyosimama mbele mara ya kwanza, Chepkosgei alilia mpaka leso ikalowa.

Wakaenda hivyo mwaka mmoja. Kisha Chepkosgei akaacha kuja. Nelima alimfuata hadi kwao mlimani, akaambiwa amehama na watu wake, na wa kusema wamehamia wapi hakupatikana. Jumapili iliyofuata alisimama mahali pake kama kawaida. "Akirudi akute mikono imekunjwa," alimwambia mumewe, "atajua hatukumngoja."

Maneno mazuri hayo, lakini hayamfanyi mtu alale usingizi. Vijana walimwita mama wa nzi, ati anafukuza nzi mbele ya kanisa. Kuna asubuhi aliona aibu ikimpanda hadi masikioni katikati ya zaburi, akamwuliza Mungu bila kuzunguka kama kweli anaiona hii mikono, au na yeye anamvumilia tu. Alirudi nyumbani, akapika, na Jumapili nyingine akasimama tena.

Aliyemtisha kuliko wote ni Mzee Jotham. Mzee huyu, mkulima wa Tongaren aliyehamia mjini uzeeni, ndiye aliyeongoza wazee wa kanisa, na kiti chake kilikuwa benchi la mbele kabisa. Mzee hakumtazama mhubiri hata kidogo. Alimkodolea Nelima, paji limekunjamana, kuanzia neno la kwanza hadi amina. Nelima aliamini anahesabu makosa yake. Zikifika ishara ngumu, vidole vilimganda kwa sababu ya macho hayo.

Alhamisi moja ujumbe wa karani ukaingia kwenye simu yake: baada ya ibada ya Jumapili kutakuwa na kikao, na habari ya ishara itazungumzwa. Alikata kitambaa cha sketi mara mbili vibaya. Alijipangia maneno ya kujitetea, kisha akakumbuka kwamba kwa desturi ya kikao chao anayehusika hasemi lolote.

Na Marafiki hawapigi kura. Karani hueleza jambo, kisha huuliza kama yuko ambaye moyo wake unakataa. Akipatikana hata mmoja, akatoa sababu, jambo halipiti. Wote wakinyamaza, limepita. Nelima alipitisha majina ya watu wote kichwani, akitafuta huyo mmoja, akamkosa.

Jumapili ikafika, ibada ikaisha, watu thelathini hivi wakabaki, na Nelima akakaa kwenye kiti kando ya mimbari, akiwaelekea. Karani alikuwa Gladwell, mwanamke mpole asiyependa ugomvi. Alisoma bila kuinua macho.

"Wapendwa, tumepewa skrini kubwa, na mahali pa kuiweka ni pale mbele tu. Tumeonelea Dada Nelima apumzike hii kazi ya ishara, mpaka tupate mwenye kuihitaji. Kuna mtu moyo wake unakataa?"

Kanisa likanyamaza. Nelima akainamisha kichwa. Ndipo alipoona mikono yake inacheza mbele ya kifua. Kwa mazoea ya miaka sita, kila neno lililotoka mbele lilipitia vidoleni mwake. Alikuwa amekaa pale akitafsiri kufukuzwa kwake mwenyewe. Aliishusha haraka, amefadhaika.

"Mimi nakataa," sauti ikasema, kubwa kupita kiasi.

Ilikuwa ya Mzee Jotham. Alikuwa amesimama.

"Kwa nini, mzee?" Gladwell akauliza, kalamu mkononi.

Jotham hakumgeukia. Alikuwa amemkazia Nelima macho, paji limekunjamana vilevile.

"Mzee, tunauliza ni kwa nini unakataa."

Hakugeuka. Watu wakaanza kutazamana, na hapo ndipo Nelima alipoelewa macho yale yalikuwa yakitafuta nini. Vidole vilitaka kuinuka. Akavikalia. Mtu mzima wa heshima yake, kiongozi wa wazee, amewaficha siri hiyo hata watu wa nyumbani kwake. Yeye ni nani wa kumvua nguo mbele ya watu thelathini? Heri kazi ife. Alimwomba Mungu amfanye Gladwell aendelee na jambo lingine.

Jotham alingoja. Alitazama mikono iliyofichwa, akatazama nyuso zilizomgeukia, akashusha pumzi.

"Nelima mwanangu, toa hiyo mikono," akasema kwa ile sauti kubwa. "Karani anasema kitu na mimi sisikii. Masikio ilianza kwenda polepole, nikawa nashikilia vidole yako, mpaka ikaisha kabisa. Sasa ni miaka mbili sijapata mahubiri ingine isipokuwa hiyo yako."

Gladwell akaweka kalamu chini. Nelima akainua mikono, akamwuliza kwa ishara lile swali la karani, ambalo mzee alikuwa ameshalijibu.