Filimbi ya Pili

Kila ninaponyunyizia shati maji na kuweka pasi ya mkaa, ule mvuke ukinipanda puani, siko tena Kigali. Niko Tangini, kituo kidogo kwenye reli ya Kigoma: tangi la maji, nyumba yetu, lundo la kuni, kisha pori tu. Huku Kigali reli haikufika, basi wajukuu huniuliza garimoshi linafananaje. Nawaambia ni birika lenye haraka.

Baba yangu, Saidi, ndiye aliyejaza lile tangi. Dereva alikuwa Bwana Kartari, Singasinga mwenye kilemba cheusi kwa masizi. Akija kunywesha mashine tu, alipiga filimbi mara moja. Akiwa na abiria wa kushuka, mara mbili. Na nani wa kushuka Tangini, jamani?

Mama yangu, Zuhura, alipanda kwenda kutibiwa Kigoma.

"Ukisikia filimbi ya pili, ndiyo mimi," aliniambia. "Nikukute umeoga."

Nikaoga kila siku ya garimoshi, nikakaa juu ya kuni nimejipaka mafuta, nasikiliza. Filimbi moja. Baba anageuza uso, maji yanabubujika. Bwana Kartari ananitania: "Mchumba yangu, iko safi hivi kwa ajili ya mimi?"

Siku moja garimoshi likaingia kimya. Bwana Kartari akashuka, akaenda na baba nyuma ya tangi. Mimi nikakimbia behewa hadi behewa, nachungulia. Baba aliporudi alinibeba, na ukubwa wangu ule, akaniambia mama amezikwa Kigoma.

Tangu hapo mashine ile haikupiga filimbi tena kwetu. Nilimchukia yule mzee. Niliona ametunyima hata salamu. Nilishazaa ndipo nikaelewa: hakutaka nikae juu ya kuni nikisubiri ya pili.

Mwanangu Hamisi alipeleka lori Tanzania kabla ya vita vya huku, hajarudi. Dereva mwenzake, Yusufu, alikuwa akipita hapa njiapanda ya Sonatubes ananipigia honi. Siku hizi anapita kimya. Jana nikamngoja barabarani.

"Yusufu, mwanangu, honi imekufa?"

Akainamisha kichwa. "Mama, sina habari ya kukuletea."

"Piga hivyohivyo. Kimya mimi nakijua."

Leo amepita. Akapiga mara moja.