Shingo ya Bashi Chomba

Siku ya kwanza Honorine kukutana na Mutale, alimdai nyanya mbili.

Ilikuwa asubuhi, mwaka wa 1947, ukungu bado umelala juu ya mto. Honorine alikuwa ametoka shambani kwake Naviundu na beseni la nyanya kichwani, akaifikia barabara ya Kasenga akiwa na haraka. Sokoni mjini Élisabethville, anayefika wa kwanza ndiye anayepanga bei. Wa mwisho anapangiwa. Akainua mguu avuke. Hapo mkono ukamshika bega na kumrudisha nyuma, na lori la samaki kutoka Kasenga likapita karibu na pua yake, maji ya barafu yakimwagika nyuma. Malori yale, kamiyo kwa lugha ya pale, hayakuwa na breki kwa ajili ya mtu: barafu ilikuwa inayeyuka, na dereva alikuwa anaisikia ikiyeyuka. Beseni likayumba. Nyanya mbili zikaanguka, zikapasuka.

Mwanamke mwingine angepiga ishara ya msalaba. Honorine aliziangalia nyanya.

"Nani atanilipa hizi?"

Yule mwanamume alikuwa zamu, mlinzi wa depo iliyokuwa pale kando ya barabara, mrefu, koti lake la kijeshi limeisha viwiko. Kazi yake ya usiku ilikuwa imemalizika.

"Mama, kamiyo ingekulipa muzuri kabisa."

"Mi siuzishe na kamiyo. Weye njo ulinisukuma."

"Sikukusukuma. Nilikuvuta."

"Nyanya haijue kusukuma wala kuvuta. Imepasuka."

Akacheka, akaziokota, akazipangusa kwa mkono wa koti na kuzila zote mbili pale pale, mbegu zikimganda kidevuni. "Basi, sasa iko mu tumbo. Kesho nitakuvusha tena, tutakuwa sawa."

Njiani Honorine alipima jambo lile kama anavyopima kila kitu. Mwenye beseni kichwani hana shingo. Akitaka kuangalia kushoto lazima ageuke mzima, miguu na mabega, kama mlango. Na akishageukia kushoto, kuume hakuoni tena. Mwaka ule peke yake wanawake wawili wa Naviundu walikuwa wamegongwa pale, na mmoja hakurudi kutoka hospitali. Mwanamume mwenye shingo isiyobeba kitu, anayesimama pale kila asubuhi, alikuwa mali. Ila hakuna sababu ya kumwambia hivyo.

Kesho yake akamtolea bei: nyanya laini mbili kila siku, zile ambazo hazingefika saa sita. Mutale akataka ngumu. Walibishana malori matatu yakipita, wakakubaliana: laini, isipokuwa Jumamosi, ngumu moja.

Habari ikaenea. Mwezi haukuisha, wanawake kumi walikuwa wanajipanga kando ya barabara, wengine na mihogo, wengine na magunia ya makala, makaa ya kupikia. Albertine, muuza makala, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

"Bashi Chomba, leta shingo! Yangu niliiacha ku nyumba!"

Mutale alikuwa Mubemba wa Ndola, ng'ambo ya mpaka, na kwao mtu huitwa kwa jina la mtoto wake: Bashi Chomba, baba yake Chomba. Alikuwa anaangalia kushoto, kisha kuume, kisha kushoto tena, anainua mkono: "Piteni!" Nao wanapita, mabeseni kichwani, hawaangalii popote.

Chomba mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Honorine alikaa miaka miwili kabla ya kuuliza, na siku alipouliza Mutale alijibu huku macho yake yakiwa barabarani.

Alikuja Élisabethville peke yake mwaka wa 1937. Baada ya miaka mitatu akamwandikia mkewe apande treni, aje na mtoto. Barua ilikuwa ndefu. Alimwambia alete chungu chao na mbegu za maboga, alimwambia ashuke wapi, avae nini kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita. Siku ya tatu baada ya kufika, mkewe alimwachia jirani mtoto akaenda kuteka maji. Alifika kando ya barabara, akaangalia kuume, akaona hakuna kitu, akaweka mguu.

"Kule kwetu, kwa Waingereza, motokari inakujia kwa kuume," alisema Mutale. "Hapa, kwa Wabelgiji, inakuja kwa kushoto. Mi nilikuwa nimeisha kuzoea hapa, nikasahau kama kuna upande. Niliandika yote, Mama Honorine. Ile moja sikuandika."

Mama mkwe alikuja kuzika, akarudi Ndola na mtoto mgongoni. Chomba alikuwa na miaka miwili.

Honorine hakusema pole. Siku ile ilikuwa Jumanne, lakini alimpa nyanya ngumu.

Yeye mwenyewe alikuwa mjane. Mumewe alikufa kwa kifua baada ya miaka ya migodi, akamwachia lupango, kiwanja chao cha nyumba, na jembe. Tangu hapo hakumdai mtu huruma wala hakumkopesha. Lakini alianza kufika barabarani mapema kuliko alivyohitaji, na wenzake waliliona hilo kabla yake.

Mwaka wa 1953 barua ikaja kutoka Ndola. Mama mkwe hana nguvu tena. Chomba amechumbiwa, ndoa ni misheni baada ya miezi miwili, naye anaomba baba yake aje kusimama. Na abaki, kama anataka kubaki.

Mutale aliisoma kwa sauti, malori yakipita. Honorine alisubiri wenzake watangulie, kisha akafungua biashara.

"Tangu kesho utakula nyanya ngumu."

"Eh! Mama Honorine, uko mugonjwa?"

"Na bukari ya mangaribi kila siku, na sombe."

Ugali wa jioni na kisamvu, vya kupikwa naye mwenyewe. Kisha akaongeza:

"Kuna nyumba ingine mu lupango yangu. Mabati yake haivuje. Utalala mule."

"Unapandisha bei," alisema Mutale polepole. "Lakini mi siko soko."

"Kila muntu iko na bei."

"Kweli. Yangu iko na miaka kumi na tano, iko Ndola, na sijue hata sura yake."

Kulikuwa na kitu kimoja bado chini ya beseni, naye Honorine hakukitoa. Mfanyabiashara hatandiki juu ya mkeka kitu ambacho kikikataliwa hawezi kukirudisha nyumbani na kukiuza kesho.

"Basi uende," alisema.

"Naogopa." Alijigusa shingo. "Hii inaanza kushoto, miaka kumi na sita sasa. Nitashuka ku treni, nitaangalia kushoto, nitakufa sawa mama ya Chomba alikufa. Ndoa itageuka kilio."

Jioni ile Honorine akachora kwa jembe mistari miwili katika lupango lake, akaazima kinga ya jirani, baiskeli isiyo na kengele, akamsimamisha Mutale kando ya mstari. Kisha akaisukuma kumjia kutoka kuume, mbio, akipiga honi kwa mdomo. Mutale akaangalia kushoto. Gurudumu likamgonga muundi.

"Umekufa," alisema Honorine. "Rudia."

Alikufa mara saba jioni ya kwanza. Watoto wa jirani walipanda ukuta kuangalia. Wiki ya pili alikuwa anakufa mara moja tu, halafu hata mara moja. Kabla ya mguu kunyanyuka, uso ulikuwa tayari kuume. Honorine aliegemea baiskeli akihema, akaona kazi yake imekuwa nzuri, na hakufurahi.

Kisha asubuhi moja wanawake walijipanga kama kawaida, Albertine mbele na gunia lake la makala, Honorine nyuma yake. Mutale akaangalia kuume. Barabara ya kutoka mjini ilikuwa nyeupe, haina gari. Akainua mkono.

"Piteni!"

Albertine akaingia. Honorine akasikia lori kabla ya kuliona, kutoka kushoto, la Kasenga. Akaliachia beseni kwa mikono miwili, akamshika Albertine kitenge na kumvuta hadi wote wakakaa chini mavumbini. Lori halikusimama. Beseni zima la nyanya lilikuwa uji mwekundu katikati ya barabara.

"Weye Mutale!" Albertine alipiga kelele, makala yametapakaa mapajani. "Shingo yetu umeiuzisha kwa nani?"

Mutale alikaa ukingoni. "Mama Honorine... nyanya zako..."

"Zimekwenda," alisema Honorine.

Hakudai hata moja. Wanawake wakatazamana.

Alimwinua yeye mwenyewe. "Panda treni wiki hii. Ukibaki hapa utaua bantu."

Kituoni Honorine alimletea kikapu cha nyanya ngumu tupu, za arusi ya Chomba. Mutale alikuwa tayari dirishani.

"Kama ungekuwa na kitu kingine cha kuuzisha," alisema, "ungenionyesha, eh?"

"Beseni iko tupu, Bashi Chomba."

Treni ya Sakania, ya kwenda mpakani, ikamchukua.

Barua ilifika baada ya arusi. Alivuka barabara zote za Ndola mzima. Alisimama kanisani. Chomba ana macho ya mama yake, anampikia, hamruhusu aende popote. Huyo, basi, alipata alichokuwa anakitaka.

Naye Honorine alivuka miaka sita bila mkwaruzo, kwa nyanya ambazo vinginevyo angewatupia nguruwe. Hakuna mchuuzi anayeweza kulalamikia biashara kama hiyo. Siku hizi anatua beseni chini, anaangalia kwa shingo yake mwenyewe, anawapitisha wenzake, halafu anangoja mtu wa kumtwisha. Anafika sokoni bei imeshapangwa na wengine.

Na kabla ya kuangalia kushoto, huangalia kuume, mjini, kituo kiliko. Albertine amemkemea mara nyingi: lori halitoki upande ule. Honorine anajua. Anaangalia, haoni mtu, anageuka kushoto.